Usukani Upande wa Kushoto

Wiki iliyopita nilirejea Nairobi kutoka likizo nchini Rwanda, ambako mimi na mume wangu tulikodi gari mjini Kigali ili tuendeshe wenyewe hadi Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, safari ya takriban kilomita 150. Nimeendesha gari kwenye Barabara ya Thika kwa miaka mingi, lakini huko magari hupita upande wa kulia na usukani uko kushoto, kwa hivyo kila nilipotaka kuwasha indiketa, waipa ndizo zilizoanza kupangusa kioo kikavu.

Kilichonitia hofu hasa ni mizunguko ya barabara. Hapa kwetu tunaingia tukitazama kulia na kuzunguka kama mishale ya saa; kule ni kinyume chake, nami nilimwomba mume wangu aniambie kwa sauti, "Shika kulia, mama," kila tulipokaribia mmoja. Tulipopita Musanze, chini ya milima ya Virunga, mikono yangu ilikuwa imezoea.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilitukuta huko. Ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na magari hayaendi asubuhi, hivyo tuliondoka baada ya saa tano.

Nawasihi wanaopanga kukodi walipige gari picha pande zote kabla ya kuondoka, hata mikwaruzo midogo, na wasome kwa makini gharama ambazo bima haitalipa. Sisi tulifanya hivyo, na amana yetu ilirudishwa yote.