Siku tatu kabla ya dirisha la vyuo kufungwa: siku moja ya mwalimu wa ushauri mjini Lamu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikishamaliza sala, hufungua simu kabla sijateka maji ya chai, kwa sababu katika majuma haya ujumbe ulioingia usiku ndio huwa mzito zaidi. Mimi ni mwalimu wa ushauri wa masomo na kazi katika shule moja ya upili mjini Lamu, na leo zimebaki siku tatu kabla ya KUCCPS, shirika linalowapangia watahiniwa wa Kenya nafasi katika vyuo vikuu na vyuo vya kadri, kufunga dirisha la maombi. Nimekuta jumbe kumi na tisa. Nyingi zinauliza saa ya kufika na karatasi za kubeba, na hizo nimezijibu papo hapo. Mmoja umetoka kwa baba mvuvi wa Kizingitini, ambaye mwanawe amepata alama za kumfikisha chuo kikuu, hata kile cha Eldoret, magharibi mwa Kenya, nao una mstari mmoja tu: "Mwalimu, Eldoret ni mbali kiasi gani, na ni nani atakayelipa?" Huo sikuujibu. Swali la namna hiyo hujibiwa kwa sauti, jioni, mwenye kuuliza akiwa ameketi na ametulia.

Saa moja na robo nilikuwa njiani, nikipishana na punda waliobeba mchanga katika vichochoro vya Langoni. Ratiba yangu ya leo niliipanga jana usiku nikiwa na jedwali la maji mbele yangu, kwani wanafunzi wanaotoka Faza, Siyu na Kizingitini hupitia mkondo wa Mkanda, na chombo hakipiti humo maji yakiwa yamekupwa. Mtu asiyeijua Lamu anaweza kudhani kijana aliyechelewa ni mzembe, hali ya kuwa alikuwa gatini tangu alfajiri akisubiri maji yajae. Kwa hiyo asubuhi ni ya wanafunzi wa mjini, Shela na Matondoni, na alasiri ni ya wale wa kisiwa cha Pate.

Saa mbili tulifungua chumba cha kompyuta. Kazi ya kwanza huonekana ndogo lakini ndiyo inayokwamisha wengi: kuingia tu katika mfumo. Mwanafunzi hutakiwa kuandika nambari yake ya mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya upili, mwaka aliofanya mtihani, na nywila ambayo kwa mara ya kwanza huwa ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, kama ilivyoandikwa wakati wa kujisajili kwa mtihani. Binti mmoja alikuwa amejaribu nyumbani siku nne bila mafanikio na alikwisha kuamini kwamba jina lake limefutwa. Alikifungua cheti chake kutoka katika mfuko wa plastiki uliokunjwa mara tatu, nikakiweka karibu na dirisha penye mwanga, na tukaiona tarakimu ya tano, ambayo mwandishi wa zamani aliipinda kwa kalamu mpaka 1 ikafanana na 7. Tukaandika 1, na ukurasa ukafunguka. Siku nne za hofu zilitokana na mkunjo wa wino usiozidi ncha ya sindano, na ndiyo maana nasisitiza kila mara kwamba cheti chenyewe kije, si picha yake kwenye simu.

Saa tatu na nusu niliwakusanya vijana kumi na wawili mbele ya ubao. Hapa huwa sina haraka, kwa sababu hapa ndipo ndoto nyingi huharibika pasipo sababu. Vijana wetu huijua gredi ya wastani, na wanajua kuwa C+ ndiyo kiwango cha chini cha kuombea shahada, C- diploma, na D cheti. Wasichokijua ni kwamba gredi hiyo hukufikisha mlangoni tu. Kila kozi ina masomo manne yake ya klasta, yaani kundi la masomo yanayotazamwa kwa kozi hiyo, yanayohesabiwa kati ya alama 48, na nyingi zina masharti ya somo mojamoja ambayo wastani mzuri hauwezi kuyafidia.

Kijana wa Shela alijitolea alama zake ziandikwe ubaoni. Hisabati C-, ambayo ni pointi 5. Kiswahili B, 9. Dini ya Kiislamu B+, 10. Historia C, 6. Kiingereza C+, 7. Biashara C+, 7. Biolojia C-, 5. Jumla ni 49 kati ya 84, na wastani wake ni C+. Kemia yake ya D+ haikuhesabiwa, kwa kuwa tangu mwaka 2023 wastani hupatikana kutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano yaliyofanywa vizuri zaidi. Ameazimia kuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia, na chaguo lake la kwanza alikuwa amekwisha kuliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Nilimwomba asome kwa sauti sharti la kozi hiyo. Akasoma: C+ au zaidi katika masomo mawili ya kufundishia. Akanyamaza, akaitazama ile C ya Historia, na darasa zima likanyamaza pamoja naye.

Kama angeachwa aombe peke yake, kozi hiyo isingempokea, naye angebaki akijiuliza kosa lake ni lipi, hali akiwa na 9 na 10 katika masomo mawili mengine ambayo pia hufundishwa shuleni. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha Dini ya Kiislamu. Akasema ni ustadhi wake wa madrasa tangu akiwa mdogo, kisha mwalimu wa shule, na kwamba yeye mwenyewe hufundisha watoto wa mtaani kwao jioni. Hakuwa amewahi kuifikiria kazi hiyo ya jioni kuwa ni dalili ya chochote. Tulitumia nusu saa kutafuta vyuo ambavyo mtu anaweza kusomea ualimu wa Kiswahili pamoja na Dini, na alipoondoka alikuwa na machaguo ambayo alama zake zinayatosheleza.

Saa tano na nusu aliingia mama mmoja na bintiye. Mama alitaka shahada ya uuguzi. Binti ana wastani wa C, kwa hiyo shahada haiwezekani mwaka huu. Nililisema hilo mapema na waziwazi, kwa sababu kumzungusha mzazi ni kumkosea heshima. Mama akauliza, "Mwalimu, sasa diploma si ya walioshindwa?" Binti akainamisha uso.

Nikamwambia, "Mama, wauguzi waliokupokea siku ulipojifungua, wengi wao ni wa diploma." Kisha tukazisoma alama pamoja. Diploma ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, hudai wastani wa C, Biolojia C, Kiingereza au Kiswahili C, na angalau C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Binti ana Biolojia C+, Kiswahili B- na Kemia C-. Ametimiza kila sharti. Nikawaeleza kwamba anayehitimu husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na kwamba akitaka shahada baadaye njia ya kujiendeleza ipo. Mama aliomba kalamu, akaandika masharti yale yote nyuma ya risiti ya duka ili akamsomee baba mtu. Hiyo ndiyo dalili ninayoingoja katika kazi hii: atakayelipa akishika kalamu mwenyewe, ujue uamuzi umeingia nyumbani.

Adhuhuri tulisali, tukala wali na samaki, tukarudi.

Saa nane na nusu, maji yakiwa yamejaa, walifika wa Pate. Kijana wa Faza alikuja na tatizo ambalo limenitia uchungu kuliko yote ya leo. Wiki iliyopita alikwenda kwenye duka moja la huduma za kompyuta, akalipa ada ya maombi ya shilingi 1,500 na ujira wa mwenye duka, naye mwenye duka akamjazia machaguo yote bila kumuuliza anapenda nini. Tulipofungua akaunti tukakuta kozi za vyuo ambavyo kijana hajawahi kuvisikia, na mojawapo inataka Fizikia, somo ambalo hakulifanya. Tena nywila yake ilikuwa imebaki mikononi mwa mtu mwingine. Tulianza kwa kuibadilisha nywila, kisha tukayafuta machaguo na kuanza upya, kwa kuwa dirisha lingali wazi na ada haidaiwi mara ya pili. Yeye ni mtoto wa pwani aliyekulia kwenye mashua, na anataka kusomea uvuvi na viumbe wa baharini. Tukakiweka Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko Kilifi, mbele ya vingine. Nawasihi wazazi wanaosoma haya: kulipia kompyuta ni sawa, lakini mtoto awe ndiye anayebonyeza, na nywila iwe yake peke yake.

Saa kumi na nusu, chumba kilipopungua watu, nilikaa na binti wa Matondoni aliye Kidato cha Nne, ambaye anajiandaa kuomba vyuo vya Marekani. Msimu wa huko ni mwingine kabisa. Fomu ya pamoja iitwayo Common App hufunguliwa upya tarehe 1 Agosti, humruhusu mwombaji kuomba hadi vyuo 20, na vyuo vingi hufunga mapokezi ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Vipo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humpima hata mgeni bila kutazama uwezo wake wa kulipa, na wakimkubali hukamilisha pengo la gharama. Lakini nafasi zake ni finyu mno, na nimemwambia hilo bila kulipunguza. Kule hawaangalii alama peke yake. Wanataka barua za walimu, maelezo kuhusu shule, ambayo nitayaandika mimi, na insha isiyozidi maneno 650.

Rasimu yake ya kwanza ilijaa maneno makubwa kuhusu kuibadilisha dunia. Nilimuuliza baba yake anafanya kazi gani. Ni fundi wa majahazi. Nikamuuliza yeye humsaidia nini. Akaanza kunieleza kukalafati, yaani kuziba nyufa za chombo: jinsi wanavyosokota pamba, wakaipaka mafuta, wakaishindilia kwa nyundo katikati ya mbao, na jinsi yeye anavyosikia kwa sauti ya nyundo tu mahali ambapo pamba haijakaa sawa. "Baba hunisimamisha upande wa pili wa jahazi," akasema, "yeye apige, mimi nisikilize." Nikamwambia aweke kalamu hapo hapo. Alipomaliza ukurasa mmoja jua lilikuwa limeinama, na hakukuwa na neno hata moja kubwa ndani yake.

Saa mbili kasorobo usiku, baada ya magharibi, nilimpigia yule baba wa Kizingitini. Tulisalimiana, tukaulizana hali ya bahari, na kaskazi inayoishia. Kisha nikamweleza kwamba Eldoret ni safari ya siku nzima na zaidi, wala sikuifupisha. Kuhusu malipo nilimweleza taratibu, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wamechanganyikiwa tangu mfumo wa mwaka 2023 ulipoanza: kuitwa chuoni hakumaanishi karo imelipwa. Nafasi ni ombi moja, na fedha ni ombi jingine, ambapo familia hueleza hali yake, na karo hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na mchango wa nyumbani. Mkopo mtoto huurudisha akishamaliza masomo. Kwa ombi hilo la pili zitatakiwa nakala za vitambulisho vya wazazi.

Alikaa kimya muda, nikasikia watoto nyuma yake. Akaniuliza kama anaweza kuja mwenyewe pamoja na kijana, aione hiyo kompyuta kwa macho yake. Nikamwambia karibu sana, aje na kitambulisho chake na cha mama mtoto. Akasema maji ya kesho yatampitisha Mkanda kabla ya saa tisa alasiri. Nikalichukua daftari la ratiba, nikawasogeza wawili wa Shela mbele, na kwenye nafasi ya saa tisa na nusu nikaandika: Kizingitini, baba na mwana, viti viwili.