Dini ikikosea, anayeumia ni nani

Naomba niseme moja kwa moja maana hii mada kila mtu anaizunguka: dini inaweza kukosea. Mi ni Mkristo, Muanglikana wa hapahapa Dodoma, naimba kwaya, nafunga Kwaresima, na nalisema hili nikiwa na imani yangu yote. Mungu hakosei, sawa, ila dini inapita kwetu sisi tunaosoma na kuhubiri na kutafsiri, na huko kwetu ndo makosa yanapoingilia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kongwa, amefariki hajui wajukuu wake wa mwisho wana sura gani. Tukienda likizo tulikuwa tunamkuta amekaa kivulini kaegemea ukuta, ameinamisha kichwa kwasababu jua lilikuwa linamuumiza, machozi yanamtoka tu hata kama hakuna kinachomliza, na mjukuu mwenye macho mazuri ndo anapewa kile kibano cha chuma amng'oe kope moja moja. Zilikuwa zimegeukia ndani. Kila akipepesa zinamkwaruza jicho, na iliyong'olewa ikiota tena inakuja fupi, ngumu, inachoma kuliko ya mwanzo. Watu walisema mengi, wengine kwamba amerogwa, lakini lililomkaa moyoni ni lile aliloambiwa kwenye maombi, kwamba kuna dhambi kwenye ukoo haijatubiwa. Akatubu. Akafunga. Akatoa mbuzi. Miaka na miaka bibi wa watu anatubu dhambi ambayo hata haijui na huku macho yanazidi kwisha.

Ule ugonjwa unaitwa trakoma, wengi wanasema vikope, na Dodoma yetu imeteswa nao sana. Ni bakteria. Anasambazwa na nzi wanaotua kwenye macho na makamasi ya watoto, na vidole, na ile kona ya kanga ambayo mama anamfutia mtoto kamasi halafu anamfutia macho halafu anajifutia na yeye. Mtoto anaambukizwa mara nyingi nyingi, kovu linajijenga kimyakimya ndani ya kope, ile ngozi inayofunika jicho, na anakuja kuvuna ukubwani pale inapojikunja na nywele zake kuanza kukwaruza kioo cha jicho. Wanawake ndo wanaumia zaidi ya wanaume kwasababu wao ndo wanashinda na watoto. Na hapohapo Kongwa watafiti walikaa miaka ya 1980 na 1990, vijiji ambavyo watu walihamasishwa kuwanawisha watoto uso trakoma kali ilipungua kuliko vijiji vingine. Kunawa uso tu jamani.

Sasa kinachoniuma mimi ni kwamba Biblia ilishamaliza hiyo kesi zamani. Yohana 9, wanafunzi wanamuona mtu aliyezaliwa kipofu wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili, si yeye wala wazazi wake. Na Luka 13 anawauliza wasikilizaji wake, wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu wakafa, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Siyo, anasema. Yaani iko pale imeandikwa, tunaisoma kila mwaka, halafu Desemba 2023 maporomoko ya Hanang yanaua watu zaidi ya 80 pale Katesh na kabla hata matope hayajakauka nasikia watu wazima wanasema ni adhabu. Adhabu ya nini? Mlima ule ni volkano ya zamani, mvua ilinyesha kupita kiasi, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ikanyonya maji ikameguka ikashuka na kila kitu. Kuna mama kapoteza watoto halafu unaenda kumwambia Mungu alikuwa anamuadhibu, hapana, hapo umekosea, na umemsingizia Mungu.

Najua nitaambiwa sayansi nayo inakosea. Kweli kabisa inakosea. Miaka mingi madaktari walikuwa wanasema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili, hadi leo mtaani ukionekana mnyonge unaambiwa acha mawazo utapata vidonda, kumbe Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, mwaka 1982 wakamuotesha maabara bakteria anayekaa tumboni, wakasema huyu ndo mhusika mkubwa. Walibishiwa sana. Marshall mpaka akanywa wale bakteria mwenyewe akaumwa tumbo. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel, na leo ukienda hospitali unapimwa huyo bakteria na unapewa dozi. Ona sasa, madaktari walikosea, wakaonyeshwa, wakabadilika ndani ya maisha ya watu walewale. Kanisa Katoliki lilimhukumu Galileo mwaka 1633 kwa kusema dunia inazunguka jua, na Papa Yohane Paulo II akakiri kosa hadharani mwaka 1992. Nampa heshima kubwa kwa kukiri. Ila miaka 359 ni mingi mno kwa mtu anayesubiri kama bibi.

Na haya majabali ya hapa Dodoma tunayopiga nayo picha, wanajiolojia wameyapima kwa mionzi ya madini yaliyomo ndani, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ile hesabu kwamba dunia ina miaka kama elfu sita haijaandikwa kwenye mstari wowote wa Biblia, watu waliijumlisha wenyewe kwa vizazi, akiwemo askofu mkuu James Ussher wa Ireland karne ya 17 aliyepata mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mwafrika mwenzetu Augustino, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, alishawaonya Wakristo wasiropoke mambo ya nyota na dunia mbele ya watu wanaoyajua, maana watalifanya Neno lote lichekwe. Na majirani zangu Waislamu wana mtu wao, Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa zamani wa Basra, huyu alieleza kwamba tunaona kwasababu mwanga unatoka kwenye kitu unaingia jichoni, akipingana na Wagiriki wakubwa, na aliamini kumtafuta Mungu kunapitia kwenye kutafuta ukweli.

Dini hiyohiyo iliyomwambia bibi habari za dhambi ya ukoo ndo iliyojenga hospitali ya Mvumi hapa Dodoma, yenye jina la kutibu macho tangu zamani. Mi nataka ile ya Mvumi ndo ipewe kipaza sauti Jumapili.

Kwahiyo kama uko Kongwa, Bahi, Chamwino, popote, na una mama au bibi anayeng'oa kope, usimuulize habari za ukoo. Mpeleke akaonwe macho. Operesheni ni ya kope tu, anachomwa ganzi, haichukui muda, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Uoni uliokwisha kwa kovu la kioo hairudishi ila kwa wengi kukwaruza kunakoma, ndo maana msichelewe. Na maombi mfanye, mwombeeni hata mkiwa njiani kwenye bodaboda.