Heroes III: adui yuko getini, usimfungulie

Huku Ngamiani, Tanga, ambako kompyuta moja huchezewa na watu wanne kwa zamu, kosa linalopoteza miji kwenye Heroes of Might and Magic III ni lilelile: mtu ana ukuta, ana wapiga mishale, halafu anatoka nje kupigana. Gemu ni la 1999 na bado tunafungua geti wenyewe.

Kwanza hesabu. Fort, ngome ya kwanza unayojenga mjini, ni dhahabu 5000, mbao 20 na madini 20, nayo inakupa ukuta na geti, basi. Citadel, hatua inayofuata juu ya Fort, ni dhahabu 2500 na madini 5 tu, na kwa mlinzi hakuna pesa inayolipa kuliko hiyo: unapata handaki, mnara unaofyatua kila raundi, na askari wa kila wiki wanaongezeka kwa nusu. Castle, hatua ya mwisho (dhahabu 5000, mbao 10, madini 10), inaongeza minara miwili, inakaza kuta na kukupa askari maradufu. Kwenye mji wa Rampart, wapiga mishale Wood Elves 7 wa wiki wanakuwa 10 ukiwa na Citadel, 14 ukiwa na Castle.

Ukuta haushindi vita, unachelewesha. Faida yake kubwa ni kwenye mishale. Mpiga mishale wa adui anayelenga kupitia ukuta hupoteza nusu ya nguvu, na akiwa zaidi ya vyumba kumi vya uwanja mbali hupoteza nusu nyingine. Pigo la 100 linabaki 25. Wako wanaolenga kutoka ndani hawakatwi chochote kwa ajili ya ukuta. Ndiyo maana kila raundi adui anayokaa nje ni yako. Ila Magi, askari wachawi wanaopiga kutoka mbali, hawajali ukuta, na wanaoruka wanapita juu bila hodi, kama nyuki walioingilia vita vya hapa Tanga mwaka 1914. Kwa hao, wazungushie wapiga mishale wako vikosi vya bei rahisi ili wasiguswe.

Sasa geti. Daraja hushuka askari wako anapotoka na hufungwa akishapita. Lakini akisimama pale, linabaki wazi. Akifia pale, maiti yake inalizuia lisifungwe, na adui anaingia kwa kutembea. Usipeleke kikosi dhaifu nje kwa tamaa ya pigo moja.

Handaki nalo lina kanuni yake: anayeingia lazima asimame humo, anaumia (70 kwenye miji mingi) na ulinzi wake unapungua. Mfyatulie hapohapo, kabla ya yeyote mwingine, hata kama kuna dude la kutisha zaidi nyuma yake. Mji wa Tower hauna handaki, una mabomu ya ardhini.

Kisha kuna Ballistics, ujuzi wa shujaa (kiongozi wa jeshi) wa kuongoza mtambo wa kuvunjia ukuta. Asiye na Ballistics hachagui pa kulenga, mtambo wake wa mawe unarusha ovyo. Mwenye nao atalenga geti au minara, na ukuta wako hautakaa sana.

Mtego wanaoujua wachache ni wa mashujaa wawili. Ukiwa na mmoja ndani ya ngome na mwingine mgeni mlangoni, adui akishambulia, mgeni ndiye anayepigana kwanza, uwanjani, bila ukuta. Watu hupoteza jeshi zima hapo huku Castle yao inatazama. Mwondoe mgeni, au mpe wa ndani jeshi lote.

Kama mji hauna shujaa, ajiri mmoja kwa 2500, mnunulie kitabu cha uchawi kwa 500, umweke ndani. Slow, uchawi wa kumpunguzia adui mwendo, peke yake inatosha kuwaongezea wapiga mishale wako raundi. Ila kumbuka aliyezingirwa hakimbii wala hasalimu amri, isipokuwa kwenye mji wa Stronghold uliojengwa Escape Tunnel, njia ya kutorokea. Shujaa mzuri mwenye vifaa, mtoe siku moja kabla.