Uvimbe wa ovari usiotarajiwa ndani ya ujauzito

Jambo ninalolitafakari leo ni jinsi mimba inavyovuruga vipimo. Mama huenda kupiga ultrasaundi ya kwanza ili ajue umri wa mimba, na pembeni mwa mfuko wa uzazi kinaonekana kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta. Mara nyingi ni korpasi luteamu, kivimbe cha maji kinachotengeneza projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, hadi kondo la nyuma lichukue kazi hiyo. Kwa kawaida hunywea chenyewe kabla ya wiki ya 16. Dharura ikilazimisha kukitoa kabla ya wiki ya 10, mama hupewa projesteroni, la sivyo mimba inaweza kutoka.

Kazi ngumu huanza pale uvimbe usiponywea, au unapokuwa na nyama ngumu ndani.

Luteoma ya ujauzito, uvimbe wa ovari wenye nyama ngumu, ndiyo inayodanganya kuliko zote. Huchochewa na homoni za mimba yenyewe, huota vinundu, wakati mwingine kwenye ovari zote mbili, na kwenye picha hufanana na saratani. Si saratani. Baada ya kujifungua husinyaa bila dawa. Wengi hawahisi chochote, lakini kwa baadhi hutoa homoni za kiume, na mama hupata chunusi, nywele kidevuni, sauti kuwa nzito (na sauti huenda isirudi ilivyokuwa). Mama akionyesha dalili hizo na tumboni kuna mtoto wa kike, mtoto anaweza kuzaliwa na kinembe kikubwa. Kondo hugeuza sehemu ya homoni hizo kuwa estrojeni, ndiyo maana watoto wengine huponea. Daktari wa watoto aarifiwe mapema, asije akakosea kutaja jinsia ya mtoto.

Vipimo vya damu navyo visomwe kwa tahadhari. CA-125, AFP, hCG na LDH ni viashiria vya damu vinavyotumika kutafuta saratani za ovari. CA-125 hupanda katika miezi mitatu ya kwanza hata kwa mama mzima kabisa. AFP hutengenezwa na mtoto, na hCG ndiyo homoni ya mimba yenyewe, kwa hiyo kupanda kwake si lazima kumaanishe saratani. LDH ina msaada zaidi, kwa sababu ujauzito wa kawaida hauibadilishi sana. Hiyo hupanda kwenye disgerminoma, saratani ya ovari inayowapata zaidi wanawake vijana, ingawa hupanda pia dalili kali za kifafa cha mimba zikiwapo. Ultrasaundi isipotosha, MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) hufanywa bila gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, kwani huvuka kondo.

Upasuaji usio wa dharura hupangwa baada ya wiki ya 14, na vizuri kabla ya wiki ya 20: kondo limeshika kazi, na mfuko wa uzazi haujajaza tumbo. Upasuaji wa matundu madogo unawezekana. Mama hulazwa akiegemea kidogo ubavu wa kushoto, mfuko wa uzazi usije ukaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ovari ikijisokota, hakuna kusubiri wiki yoyote. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja pamoja na kutapika ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Kosa linaloniudhi ni kupeleka kipande cha uvimbe maabara bila kuandika kwenye fomu kwamba mgonjwa ni mjamzito. Seli za luteoma, bila taarifa hiyo, zinaweza kusomwa kama uvimbe mwingine kabisa, na ovari isiyo na kosa ikaondolewa.

Saratani ikithibitika, mimba si lazima itolewe. Disgerminoma iliyo upande mmoja mara nyingi huondolewa na ovari hiyo tu. Dawa za saratani zikihitajika, huepukwa katika miezi mitatu ya kwanza, viungo vya mtoto vinapoumbwa, na dozi ya mwisho hutolewa wiki 3 hivi kabla ya kujifungua, chembe za damu za mama na mtoto zipate kupanda.

Uvimbe wenye nyama ukionekana kwa bahati wakati wa upasuaji wa kujifungua, ovari zote mbili zikaguliwe na kipande kidogo kichukuliwe. Kuziondoa zote papo hapo kwa woga kunamfungia mama uzazi kwa ugonjwa ambao pengine ungeisha wenyewe. Uvimbe ukiachwa, ultrasaundi irudiwe wiki 6 hadi 8 baadaye.