Karibu nilipie boksi la kilowati 22, nikaishia na soketi ya bluu

Leaf yangu, lile gari la umeme la Nissan, ilipofika kutoka Japani ilikuja na waya wake wa kuchajia kwenye buti, umekunjwa vizuri kabisa, ila mwishoni una plagi ambayo hapa Dar hakuna soketi inayoikubali. Fundi akaniambia bosi usihangaike, akakata ile plagi akafunga ya pini tatu za kwetu, dakika kumi kazi imeisha, nikapitisha waya dirishani gari likaanza kula umeme. Siku ya nne naamka alfajiri nasikia harufu kama ya ndala zinazoungua, kufika sebuleni soketi imekuwa ya kahawia, plagi imelainika mpaka inabonyea, na cha ajabu fyuzi ya ndani nzima kabisa!

Kumbe ule waya unavuta ampia 14, 15 usiku kucha na plagi yetu ni ya 13, na fyuzi ya 13 ukiizidishia kidogo hivyo haikatiki, inapata joto tu taratibu.

Basi ndo nikaanza kutafuta kitu cha maana. Dukani jamaa akanikomalia na boksi la ukutani la kilowati 22, oh bosi hili unajaza gari saa moja tu, lina taa ya bluu, lina programu ya simu, nilitamani kweli sio siri. Bahati nikamuuliza mzee mmoja fundi umeme wa viwandani, akacheka, akaniuliza vitu viwili tu: umeme wa nyumbani kwako ni njia moja au njia tatu (fezi moja au tatu), na gari lako linameza kilowati ngapi?

Hapo ndo nikajua, lile boksi sio chaja. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, hiyo ndo inageuza umeme wa nyumbani uingie kwenye betri, boksi ni kama swichi yenye akili, linaongea na gari kwanza, likiona mambo yamekaa sawa ndo linaachia umeme. Kwa hiyo nunua la 7, nunua la 22, gari litachukua kile chaja yake ya ndani inachoweza, na Leaf yangu inachukua 3.3 basi. Na hizo 22 zinataka njia tatu, mi nina njia moja kama majirani zangu wote, nisingevuka saba na kitu hata ningekuwa na gari jipya.

Afu nikapiga hesabu. Mbezi Beach mpaka Posta kwenda na kurudi, na mizunguko ya hapa na pale, ni kama kilomita 40, gari linataka uniti 7 hivi, na luku ya elfu kumi unapata uniti 28, yaani siku nne za kazini. Hata ile chaja ndogo ya kubeba ya ampia 10 inazirudisha kwa masaa matatu na kidogo, mi nalala saa tano naamka kumi na moja, haraka ya nini? (Kama ulikuwa kwenye ile tarifu ya bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, iage tu, wiki mbili hazifiki umeshazimaliza.)

Mzee akanivutia waya wa milimita 4 moja kwa moja kutoka meni swichi, na breka yake peke yake, na ile nyingine ya kukata umeme ukivuja, mwisho soketi ya bluu ya viwandani ya ampia 16 kwenye nguzo ya banda. Ethi tukachimbia upya, maana fimbo ya zamani aliivuta kwa mkono ikatoka kama mhogo. Waya wa Japani ukapata plagi ya bluu, sasa hivi nikiigusa asubuhi ni vuguvugu tu.

Lile tundu kubwa la CHAdeMO la chaja za haraka, kwa nyumbani sahau. Jina lake Wajapani wamechezea maneno ya kumkaribisha mtu chai, gari linachaji we unakunywa, mi chai yangu ya asubuhi.

Shemeji yangu ye kaagiza gari la Kichina lenye chaja ya ndani ya kilowati 7, huyo boksi la 7 lilikuwa halali yake kabisa. Ila akanunua lenye kichwa cha Ulaya, Taipu 2, kwenye picha vinafanana saba kwa saba, kumbe gari lake ni GB/T, mfumo wa Kichina, kichwa kina matundu na gari lina matundu, pini hakuna popote. Liko ukutani kwake linawaka taa ya bluu, linasubiri adapta kutoka Guangzhou.