Magoti ndiyo yaliyonichagulia pikipiki

Nina urefu wa sentimita 187, na sehemu kubwa ni miguu. Nilisahau hilo siku nilipokalia Kawasaki Z650 ya rafiki yangu, uani kwake Ntinda, Kampala. Kiti kiko milimita 790 kutoka chini, nyayo zote mbili zikatua, nikajiona nimefika. Yamaha MT-07 iliyokuwa ikiuzwa Bugolobi ina 805. Milimita 15 nikazidharau.

Zote ni za silinda mbili, cc 649 na 689, hazina maganda ya plastiki wala kioo cha kukinga upepo. Kwa nguvu sikuwa na ugomvi na yoyote.

Jumapili moja nikaazima Z650 niende Jinja, kilomita kama 80. Mpaka Mukono, katikati ya foleni na bodaboda, ilikuwa raha tupu: nyembamba, inageuka upesi. Ndani ya msitu wa Mabira magoti yakaanza kulalamika. Kiti kikiwa karibu na vikanyagio, mguu mrefu hukunjwa kama wa panzi. Nilisimama Najjembe, wala si kwa njaa (ingawa gonja, ndizi ya kuchoma, nilikula). Muuzaji aliponiona nachechemea akauliza, "Ssebo, umeanguka?"

Wiki iliyofuata nikarudia njia ileile na MT-07. Mwenye nayo alikubali baada ya kumwachia gari langu. Zile milimita nilizozidharau, pamoja na usukani ulioinuka kidogo, zilifungua magoti. Upepo kifuani ulikuwa uleule. Kasoro yake ni ulaini: kwenye matuta ya Lugazi ilinesa kama kitanda cha springi, na mimi ni wa kilo 94.

Nikainunua hivyohivyo. Kwa fundi wangu, soko la Kisekka, tulikaza springi ya nyuma ngazi mbili, tukavuta usukani kidogo upande wangu, kisha tukashusha mikono ya breki na klachi mpaka kiganja kikanyooka sawa na mkono. Kabla ya kukaza bolti, fundi alizungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, kuona kama kuna waya unaovutika. Mimi nisingekumbuka. Ulaini wa mbele bado upo, nimeuzoea tu.

Mke wangu, mwenye sentimita 158, alikalia zote mbili na hakusita hata kidogo: anaitaka Z650. Rafiki yangu amekataa kuiuza.