Siku moja bandani Mtopanga: kuku wa nyama na viungo vya Marikiti

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana ikiisha mie niko bandani. Jua la Mombasa likishapanda, kuku wa nyama huhema midomo wazi na chakula hawakitaki, kwa hiyo mlo wa maana ni huu wa ubaridi. Banda nimeligawa pande mbili, nione kama viungo vinawasaidia kuku kusaga chakula. Kushoto nawapa chakula cha kawaida. Kulia ni chakula kile kile, ila kimetiwa unga wa kitunguu saumu, tangawizi na manjano. Kila ndoo hupita kwenye mizani kwanza.

Saa moja. Kukagua kinyesi. Wenye kucheka na wacheke. Navunja tonge kwa kijiti. Nikiona chembe za mahindi bado nzima, najua pesa yangu imepita tu tumboni na kutoka upande wa pili. Kulia leo kimeshikana vizuri, kina ule weupe wa mkojo wa kuku juu, na maranda ni makavu. Kushoto ni majimaji. Lakini sivipi viungo sifa bado, maana kushoto ndiko kuliko na chombo cha maji kinachovuja.

Saa tatu na nusu. Marikiti, Mji wa Kale. Muuza viungo ananitania: "Ami, kuku wako wanakula pilau kabla hawajawa pilau?" Nanunua tangawizi kavu na manjano yasiyosagwa. Ya unga huwezi kujua yamechanganywa na nini, na yakiwa na ukungu unawapelekea kuku sumukuvu kwa mkono wako. Pilipili ananisukumia bure. Kuku hata hausikii ukali wake, ndege hawawashwi kama sisi.

Saa sita. Joto. Maji baridi, mapazia juu, basi.

Saa nane. Mfugaji wa Likoni anapiga simu: tangawizi inaweza kushika nafasi ya chanjo? Hapana, ndugu yangu. Virusi vya Kideri na Gumboro, magonjwa yanayoua kuku, havijui tangawizi. Viungo hivi vilipata umaarufu zaidi baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006, watu wakatafuta kitu cha kulinda utumbo. Mafuta yenye harufu, kama timoli ya zaatari au yale ya mdalasini, huzuia baadhi ya bakteria wabaya na huweza kuchochea nyongo na vimeng'enya, yaani vile vitu vya mwili vinavyovunja chakula. Majaribio mengine yameona faida, mengine hayakuona kitu. Tena mafuta hayo huruka na joto, ndiyo maana viwanda huyafunika kwa utando wa mafuta mazito. Unga wangu nausaga kidogo kidogo na kuufunga kwenye kopo.

Saa kumi. Mama wa mgahawa anataka kuku wawili. Nikipasua, nachelewa makusudi kwenye matumbo. Firigisi ndiyo meno ya kuku. Baada yake utumbo unajikunja, na katikati ya mkunjo limelala kongosho, jembamba, la rangi ya waridi hafifu. Vimeng'enya vya kuvunja protini, wanga na mafuta hutoka hapo. Watafiti huchukua sampuli mwisho wa utumbo mwembamba, kabla bakteria wa utumbo wa nyuma hawajaivuruga, na huchanganya chakula na titani dioksidi, poda nyeupe isiyofyonzwa, wapate kukadiria kilichobaki mwilini. Mie sina maabara.
"Mwanangu, unamsomea kuku hitima?" mama ananiuliza. "Jiko linaningoja."

Saa moja usiku. Mizani tena, kuku wachache kila upande. Kulia wamekula pungufu kidogo kwa kila kilo ya uzito, ila bei ya tangawizi inakaribia kuimeza tofauti hiyo yote. Kundi lijalo viungo vitahamia kushoto, na chombo cha maji nimeshakitia mpira mpya.